Paka hupiga hodi

Ukumbi wa nyumba ya dada yangu, Ngamiani, Tanga, ni mwembamba, sakafu yake ya saruji nyekundu. Mpwa wangu wa miaka 11, mtoto mwenye usonji (autism, yaani ubongo unaoihisi dunia na kuhusiana na watu kwa namna yake), akirudi shule hupanga hapo vizibo vya soda. Hupanga kwa rangi, kisha kwa kutu: vinavyong'aa upande wa mlango wa mbele, vilivyoliwa na kutu upande wa uani. Siku niliyovihesabu vilikuwa 143, vimeachana kwa upana wa vidole vitatu, si zaidi. Mnamo saa kumi mchuuzi wa samaki alipita na baiskeli akipuliza honi yake, na mara akaingia paka dume wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika kwa ugomvi wa mitaani. Akasimama ukingoni mwa vile vizibo. Akautazama ukuta. Kisha akaanza kupita katikati, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, akatokea upande wa pili na kisisogee kizibo hata kimoja. Akaketi akimpa mtoto mgongo, akaanza kujilamba. Mtoto kimya. Baada ya kitambo akanyoosha mguu kidogo, kidole gumba kikagusa mkia. Paka hakuuondoa. Wakakaa hivyo karibu nusu saa, kila mmoja na shughuli yake.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo alifika shangazi yake kutoka Korogwe, mama mwenye moyo mweupe na zawadi za machungwa. Alivivuka vizibo kwa hatua tatu, akamkumbatia mtoto, akambusu shavu hili na lile, akamshika kidevu ili watazamane. "Hunijui mimi? Nisalimie basi! Shangazi yako huyu!" Vizibo vikatawanyika hadi chini ya kabati. Kilio kilichofuata kilisikika nyumba ya tatu. Shangazi wa watu akabaki anafuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema: "Paka anapendwa kuliko sisi."

Neno hilo sikulisahau, maana hata mimi nimewahi kulifikiri na nikaona haya kulisema. Wala si neno la Tanga peke yake. Uingereza, Ufaransa, Marekani, wazazi wa watoto wenye usonji wanasimulia habari zinazofanana, na watu wazima wenye usonji wanazisimulia wenyewe: wanachoka na binadamu, hawachoki na paka. Si wote, nitalirudia hilo mbele. Ila ni wengi kiasi kwamba mtu ana haki ya kuuliza kulikoni.

Jibu la haraka linalotolewa vijiweni ni kwamba mwenye usonji hana haja na watu wala haelewi hisia za mwenzake, na kwa kuwa paka naye ni kiumbe asiyejali, basi ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja. Jibu hili linamtukana mtoto na linamtukana paka. Lakini lina historia yake, halikudondoka kutoka juu.

Mwaka 1985, huko London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwaonyesha watoto mchezo wa wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu, anatoka. Anne anaichukua na kuificha kwenye boksi. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha boksi, yaani mahali gololi ilipo kweli, badala ya mahali ambapo Sally, asiyejua kitu, angeitafuta. Hapo ikajengwa hoja kwamba mwenye usonji anapata shida kuona yaliyomo katika akili ya mwingine. Hoja ilikuwa ya kitaalamu na ilikuwa na mipaka yake, lakini maneno yakihama mdomo hunenepa, yalipofika mitaani yakawa "hawana huruma."

Mtu asiyeweza kumsoma mwenzake anawezaje kutambua, kwa namna mkia ulivyokaa tu, kwamba leo paka huyu hataki kushikwa? Mpwa wangu anatambua. Mimi siwezi, na alama za kucha ninazo mkononi.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosiolojia wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliligeuza swali. Alisema watu wawili wanaoihisi dunia kwa namna tofauti wakikutana, kutoelewana kunatoka pande zote mbili. Imezoeleka tu kwamba mzigo wa lawama anatwishwa mmoja, yule aliye peke yake. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh wakalipima jambo hilo kwa njia ambayo kila aliyecheza mchezo wa kunong'onezana sikioni ataielewa. Mtu anasimuliwa hadithi, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, hadi mwisho wa mstari. Mistari ya watu wenye usonji watupu iliifikisha hadithi sawasawa na mistari ya wasio na usonji. Hadithi ilipukutika zaidi pale walipochanganywa.

Basi kama shida iko mahali watu wanapokutana, na tuangalie mtu na paka wanakutana vipi.

Hapa ndipo naona sisi tuna neno ambalo wataalamu hao wangekuwa nalo lingewapunguzia kurasa nyingi. Neno lenyewe ni hodi. Mgeni mwenye adabu zake hasukumi mlango. Anasimama nje, anaita, anangoja. Anaita tena. Ya tatu isipojibiwa anaondoka zake, na hanuni, kwa sababu "karibu" ni mali ya mwenye nyumba. Tunawafundisha watoto wetu hodi kabla hawajajua kuhesabu. Ajabu ni kwamba hodi tunaipigia milango tu, mwili wa mtoto hatuupigii. Mtoto anabebwa, anabanwa, anachezewa nywele, anaulizwa maswali matano kwa mpigo, na asipojibu tunahamaki. Watoto wengi wanavumilia. Ambaye ngozi na masikio yake yanapokea kila kitu kwa sauti ya juu, huyo anavamiwa nyumba yake mara kumi kwa siku.

Paka hupiga hodi. Sisemi hivi kwa kupamba. Dennis Turner, mtafiti wa Uswisi aliyetumia miaka mingi kuchunguza paka na wenyeji wao, alionyesha pamoja na Claudia Mertens mwaka 1988 na katika kazi zake za baadaye mambo mawili yanayostahili kubandikwa ukutani. La kwanza: mtu na paka hukaa pamoja kwa muda mrefu zaidi pale paka alipoanza yeye kuliko pale alipoanza mtu. La pili: katika nyumba ambamo mtu huitika paka akimtaka, paka naye huitika mtu akimtaka. Ni nipe nikupe, na mwenye haraka ndiye anayepoteza. Ukimkimbilia paka anaingia uvunguni. Ukikaa na mambo yako anakuja kujisugua kwenye kona ya mkeka, kisha kwenye kona ya goti, kisha anaondoka, kisha anarudi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Sasa, nani kati yetu anaweza kukaa chumba kimoja na kiumbe mwingine dakika 20 bila kumsemesha, bila kumvuta, bila kumtaka atabasamu? Shangazi hawezi. Mimi sijui kama naweza. Kwa mpwa wangu hiyo si kazi kabisa, ndivyo alivyo. Kwa hiyo tunapozungumzia uhusiano huu tusimpe paka sifa zote. Mtoto naye ana alicholeta: utulivu, na jicho la vitu vidogo. Anajua sikio la paka likigeuka nyuma maana yake nini, anajua ngozi ya mgongo ikitetemeka ni wakati wa kuondoa mkono. Paka wanaopenda kupapaswa hupenda zaidi kichwani, mashavuni na chini ya kidevu, na wengi huchukia karibu na mkia. Wageni wa nyumba ile huanza na mgongo na kuteremka hadi mkiani. Mtoto hakufundishwa na mtu. Ametazama tu, saa kwa saa, miezi kwa miezi.

Lipo pia suala la macho, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2017 kundi la Nouchine Hadjikhani huko Boston lilipima ubongo wa watu wenye usonji wakati wakilazimika kutazama eneo la macho katika picha za nyuso. Sehemu za ndani ya ubongo zinazohusika na tahadhari ziliwaka kupita kiasi. Yaani anayekwepa macho yako huenda hakupuuzi. Huenda macho yako yanamfika kwa nguvu kama tochi iliyomulikwa karibu mno. Halafu mwaka 2020 Marine Grandgeorge na wenzake, Ufaransa, wakalinganisha jinsi mbwa na paka wa nyumbani wanavyowatazama watoto. Mbwa walikuwa na desturi ya kumkazia macho mtoto mwenye usonji. Paka waliwatupia watoto jicho: mara nyingi, lakini kwa kifupi. Kukazia macho na kutupia jicho, Kiswahili kinatofautisha vizuri, na tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya mtoto kubaki chumbani au kutoka.

Mbwa ana sababu zake. Amekaa na binadamu muda mrefu, akaumbika kututafuta nyusoni. Mwaka 2019 watafiti wa Portsmouth walionyesha kwamba mbwa ana msuli wa kunyanyua nyusi za ndani ambao mbwa mwitu wa kaskazini (wolf, si yule wa mbuga zetu) karibu hana, ule unaompa macho ya kuombaomba. Babu yake paka ni paka pori wa Afrika, yuleyule ambaye bado anazunguka mbuga za kwetu, mwindaji anayetembea peke yake. Alijisogeza kwenye maghala ya nafaka kwa ajili ya panya, na nusu ya moyo wake bado iko njiani. Wahenga walishasema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Namwamini zaidi kwa hilo. Paka wa dada yangu aliletwa na vibua vya mchuuzi, hakuletwa na mapenzi, na mtoto anajua hivyo. Jina lake alimpa yeye: Alasiri, kwa kuwa huja alasiri.

Lipo na jambo dogo lililopimwa Chuo Kikuu cha Sussex mwaka 2020 na Tasmin Humphrey, Karen McComb na wenzao: mtu akimwelekea paka na kufumba macho polepole kisha kuyafumbua nusu, paka naye hufumba, na huwa mwepesi kumsogelea hata mgeni aliyefanya hivyo. Kumbe upo ulimwengu ambamo kupunguza macho ndiyo salamu. Nilipomsomea dada habari hiyo alicheka, akasema mwanawe huwa anafanya hivyo tangu akiwa na miaka mitatu, na mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba ana usingizi darasani.

Na kwetu macho yana mgogoro wake. Sisi tuliolelewa pwani tulifundishwa kutomkodolea mkubwa macho. Mtoto anayeinamisha uso akiongea na bibi yake ana adabu. Kwa hiyo mtoto mwenye usonji anaweza kusifiwa kwa miaka mitano kwa jambo ambalo kliniki litaandikwa kuwa dalili. Kinachomwangusha kwetu ni salamu. Shikamoo. Marahaba, hujambo? Za shule? Mama hajambo? Na bibi? Mbona hutuoni? Kila swali lina jibu lake na wakati wake, jibu likichelewa ni kiburi, na katikati kuna mkono wa kushikwa, na kwa wengine mkono wa kubusiwa. Nazipenda salamu zetu, sitaki kuishi mji usio nazo. Lakini nimezihesabu kwa sikio la mpwa wangu, kutoka mlangoni hadi dukani, mita 200, na nikahisi kuchoka. Paka hana shikamoo.

Nina rafiki Dar es Salaam, mhasibu, aliyejulikana kuwa na usonji akiwa na miaka 34, baada ya mwanawe kupimwa. Kazini hakuna anayejua. Anasema siku nzima "anapanga uso": nyusi hapa, tabasamu pale, kuitikia kichwa kila baada ya sentensi mbili ili mwenzake asidhani hasikilizwi. Akifika nyumbani hukaa sakafuni, taa imezimwa, na paka wake mwenye mabaka huja kulala kwenye nyayo zake. "Kwake siupangi," aliniambia. "Uso unakaa ulivyo." Nikamuuliza kama haoni upweke. Akanijibu kwamba upweke anaousikia yeye uko kwenye kikao cha watu 12.

Yapo pia ya mwili, ambayo waandishi wengi huyapita haraka wakikimbilia mapenzi. Tangu 2013 mwongozo mkuu wa utabibu wa akili wa Marekani umehesabu hisi kali au hafifu kupita kawaida kuwa miongoni mwa alama za usonji: sauti, mwanga, lebo ya shati inayokwaruza shingo. Paka aliyekomaa ana kilo nne hivi. Akilala kifuani anakandamiza kwa uzito usiobadilika, ana joto, na ananguruma kwa mtetemo wa chini, kama mara 25 hadi 30 kwa sekunde, unaosikika kwa mifupa kabla ya masikio. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama wa Colorado State na mmoja wa watu wenye usonji wanaojulikana zaidi duniani, alijitengenezea akiwa kijana mashine ya mbao ya kujibana ubavu, baada ya kuona ng'ombe wanavyotulia ndani ya kibano cha kuchanjia. Mguso wa watu ulimlemea. Mgandamizo aliouongoza mwenyewe ulimtuliza. Ukiisoma habari hiyo ukamtazama mtu aliyelaliwa na paka, utaona neno la msingi ni lilelile: mwenyewe. Anaweza kuinuka. Paka anaweza kuinuka. Hakuna atakayenuna.

Mfano ulioandikwa sana ni wa Iris Grace, msichana wa Leicestershire, Uingereza, aliyezaliwa 2009 na kujulikana kuwa na usonji mwaka 2011. Alikuwa haongei karibu kabisa, akapata jina kwa michoro yake ya rangi mikono yake ingali midogo. Mama yake, Arabella Carter-Johnson, amesimulia kwamba walijaribu mbwa kwanza na ikashindikana: kulambwa na mkia usiotulia vilimkera mtoto. Mwaka 2014 wakaleta paka wa aina ya Maine Coon, wakamwita Thula, neno la Kizulu la kumnyamazisha mtoto. Sikio la Mswahili linasikia "tulia" humo ndani, na nadhani halikosei sana. Thula alikaa pembeni mezani Iris akichora, akapanda kikapu cha baiskeli, akaingia hata bafuni, yeye paka, majini, kwenye shughuli ambayo mtoto alikuwa akiipiga vita. Na Iris akaanza kumsemesha, kwa amri fupi fupi. Kinachonigusa zaidi ni hizo amri: mtoto ambaye kila siku aliambiwa "sema" alipata mtu asiyemwambia.

Lakini Maine Coon mmoja wa Leicestershire si dawa, na hapa ndipo nagombana na baadhi ya wanaozipenda habari hizi. Nimeona wazazi wakinunua paka kama wanavyonunua dawa ya kifua, asubuhi anaingia, jioni wanangojea nafuu. Utafiti uliopo hauungi mkono haraka hiyo. Grandgeorge huyohuyo aliandika mwaka 2012 kwamba watoto wenye usonji waliopata mnyama nyumbani baada ya umri wa miaka mitano walisonga mbele katika mambo mawili, kugawana na wengine na kufariji, ilhali waliomkuta mnyama tangu kuzaliwa hawakuonyesha mabadiliko hayo. Inaelekea kuna kitu katika kule kuletwa, nyumba nzima ikamzungumza mgeni. Chuo Kikuu cha Missouri, Gretchen Carlisle na wenzake waliwapa familia chache paka kutoka vituo vya kuhifadhia wanyama. Huruma ya watoto iliongezeka na hofu ya kuachwa ikapungua. Ila paka wale hawakuokotwa hovyo: walichujwa kwanza kwa tabia, wakachukuliwa wapole. Paka shume wa kando ya soko hajachujwa na mtu.

Na kuna watoto wenye usonji wasiotaka kumwona paka. Manyoya kwao ni kama sandpepa, mlio wa nyau wa ghafla unawakata, harufu ya mkojo wa dume inawatoa nyumbani. Wengine wanapenda mbwa, Grandin mapenzi yake ni kwa ng'ombe, na wapo wanaopenda ratiba za treni kuliko chochote kinachopumua. Wapo pia watoto wanaobana, si kwa ubaya, kwa kutaka ule mgandamizo, na paka anayebanwa asiye na pa kutorokea ataumia au ataumiza. Anayepanga kumweka mnyama pamoja na mtoto wa namna hiyo aanze na rafu ya juu ambayo paka anaifikia na mtoto haifikii, na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka naye anaihitaji.

Kwa mwambao wetu, habari hii ya paka ina uzito kuliko ya mbwa. Fasihi ya Ulaya na Marekani juu ya wanyama na usonji imejaa mbwa waliofunzwa vituoni kusaidia watu, wenye fulana zao za kazi. Nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, wafuasi wa Shafii, hazitamwingiza mbwa ndani. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Paka ana hati nyingine kabisa. Katika hadithi iliyopokewa na Kabsha binti Kaab, Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, Kabsha akashangaa, naye akamweleza kauli ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wanaowazungukia. Wanaozunguka: wanaoingia na kutoka. Sijapata maelezo mafupi ya paka yanayolishinda hilo. Naye Abu Huraira, ambaye kila mtoto wa madrasa anamtaja, jina lake ni baba wa kipaka. Mtoto wa Tanga, Lamu au Unguja ana paka kizingitini tayari, bila kituo, bila fulana, bila gharama.

Alicho nacho pia ni majirani. Mtoto asiyeongea na watu na anayeonekana kila siku na paka huzushiwa. Dada yangu ameletewa majina ya waganga, ameambiwa paka mwenye sikio lililochanika si paka. Alijibu vizuri, ingawa si kwa maneno ya kuandika gazetini.

Alasiri aligongwa na bodaboda mwezi wa Oktoba, barabara ya kumi na tatu. Mtoto hakulia. Watu wakaona hilo nalo ni ushahidi. Siku ya pili alipanga vizibo vyake kama kawaida, rangi kwa rangi, ila safari hii aliacha njia katikati, upana wa paka, kutoka mlangoni hadi alipokuwa akiketi. Aliiacha njia hiyo wiki tatu. Dada, kwa uchungu wa mama, akaenda akaleta kipaka kingine, cheupe, chenye miezi minne hivi. Mtoto alikitazama mara moja, akasema "Sio," akaingia chumbani akafunga mlango. Wale waliokuwa wakisema anapenda paka kwa sababu paka wote ni sawa kwake walikuwepo ukumbini, wakanyamaza.

Kipaka hakijarudishwa. Hulala juu ya mashine ya kushonea, mchana hukaa kwenye kizingiti cha ukumbi, nje kidogo ya kizibo cha mwisho, kikiangalia barabarani. Nilipopita juzi saa kumi, mtoto alikuwa anapanga, kimempa mgongo naye amekipa mgongo. Honi ya mchuuzi ililia, kikanyanyua sikio, hakikuondoka. Dada alinipa kahawa, akanikonyeza nisiseme kitu.